Shajara ya mradi: kiki, 808 na saidicheini katika miksi moja ya trapu

Siku ya 1

Faili zimefika: treki 22 za biti na treki 9 za sauti ya msanii. Tempo 140, ufunguo wa F maina. Kuna kiki, 808 (besi nene ya biti), snea, makofi, haihati mbili, kengele ya sinthi inayojirudia tangu mwanzo hadi mwisho, padi na vidoido kadhaa. Nikisema kiki humu namaanisha ya ngoma, si ile inayotafutwa mitandaoni.

Kabla ya kugusa chochote nimesikiliza mara tatu kwa sauti ndogo. Msanii amerekodi vizuri, kengele ina mvuto, haihati zimepangwa na mtu anayejua kazi. Kasoro iko chini kabisa. Kila kiki inapotua, limita (kizuizi cha vilele vya sauti) niliyoiweka kwenye masta (njia ya mwisho ya wimbo mzima) kwa majaribio inabana desibeli 5, na wimbo mzima unadidimia nayo: kengele, sauti, kila kitu. Nikizima 808, hali inatulia. Nikiirudisha na kuzima kiki, inatulia pia. Zikiwa pamoja, vurugu inarudi.

Nimepima. Kiki peke yake inafika −6 dB, na 808 peke yake −6 vilevile. Zikikutana kwenye baa (kundi la mapigo manne) ya kwanza zinafika −0.8, karibu kabisa na kikomo cha hesabu, maana mawimbi mawili yaliyolingana yakipanda pamoja huongezana desibeli 6. Hilo nililitarajia. Kilichonishtua ni baa ya 3: kiki ileile, nguvu ileile, ila 808 imehamia noti nyingine, na jumla inaishia −5.5. Kiki inasikika kama imepigwa juu ya godoro. Hapo wimbi moja linapanda wakati mwenzake anashuka, na yanakulana. Kumbe mahali pengine besi imezidi, mahali pengine imepotea, na kwa sikio la haraka yote mawili yanasikika kama "besi haieleweki".

Kwenye karatasi nimeandika neno moja: saidicheini. Nimelala.

Siku ya 2

Kompresa hubana sauti inapozidi kiwango fulani. Ya kawaida husikiliza sauti ileile inayoibana. Ya saidicheini imegeuzwa sikio: imekaa kwenye 808, lakini inasikiliza kiki. Kiki ikipiga, 808 inainama; kiki ikiisha, 808 inainuka. Natumia programu ya Reaper, kwa hiyo kiki nimeituma kwenye chaneli 3 na 4 za treki ya 808, kisha ReaComp, kompresa yake, nikaiambia isikilize huko. Kazi ya dakika moja.

Nimeanza kwa pupa. Uwiano wa kubana 10:1, muda wa kushika (kuanza kubana) sifuri, muda wa kuachia (kurudi ilipokuwa) milisekunde 200. Limita ya masta imeacha kulia papo hapo, inabana desibeli 2 tu. Nimefurahi kwa dakika kumi hivi.

Kisha nikasikiliza wimbo badala ya kusikiliza mita. Besi inahema. Katika muziki wa hausi kuhema huko ni sehemu ya densi, kwa sababu kiki iko kwenye kila pigo na besi inainama na kuinuka kwa mwendo mmoja, mwili unaufuata. Kiki za trapu hazina utaratibu huo: mbili zinafuatana, kimya, halafu moja inaingia nyuma ya pigo. Snea nayo inakaa kwenye pigo la tatu, ndiyo maana sikio linauhesabu wimbo kama wa 70 ingawa programu imeandika 140. Besi ikihema humo inahema kama mtu anayepanda ngazi huku akiongea na simu.

Hesabu inaeleza kwa nini. Kwenye tempo 140 pigo moja ni milisekunde 428.6, na robo ya pigo ni 107. Kiki mbili zikifuatana kwa robo ya pigo na mimi nimeweka kuachia kwa 200, besi haijaamka vizuri inakandamizwa tena. Baa za namna hiyo karibu hazina 808 kabisa.

Nikapunguza kuachia hadi 15, nikidhani mfupi zaidi ndiyo safi zaidi. 808 ikaanza kukwaruza, kama spika iliyopasuka.

Siku ya 3

Asubuhi nimekaa na ule mkwaruzo. Mkia wa kiki hii uko karibu na 50 Hz, maana yake wimbi moja linachukua milisekunde 20, na kompresa inaona vilele viwili katika kila wimbi, cha juu na cha chini. Kwa hiyo kila milisekunde 10 inaona kilele, inabana. Kati ya kilele na kilele inaanza kuachia. Ukiipa muda wa kuachia wa 15 inafuata umbo la wimbi lenyewe na kuitikisa sauti ya 808 mara mia kwa sekunde. Mtikisiko wa kasi hiyo hausikiki kama kupanda na kushuka kwa sauti, unasikika kama uchafu.

Dawa ya kwanza ni kurefusha kuachia, lakini jana tumeona urefu unaleta nini. Dawa iliyonifaa ni nyingine: kubadilisha kile ambacho kompresa inasikia. ReaComp ina vichujio vya sikio lake pekee, haviigusi sauti inayotoka. Nimekata kila kitu chini ya 1,000 Hz, ikabaki ile "tk" ya mwanzo wa kiki, fupi, kavu, haina mkia wa kuifanya kompresa itetemeke. Kizingiti, yaani kiwango ambacho kompresa inaanza kubana, nimelazimika kukishusha sana kwa sababu ile "tk" ni dhaifu kuliko kiki nzima. Baada ya hapo umbo la kuinama naliamua mimi, si mkia wa kiki.

Kuna pia mlio mdogo wa "tap" kila 808 inapoinama. Huo unatoka kwenye muda wa kushika wa sifuri: sauti nene ikishushwa ghafla, wimbi lake linakatwa pembe, na pembe katika wimbi ni mlio. Nimeweka kushika 3, na kompresa itazame mbele milisekunde 4 ili ianze kuinama kabla kiki haijafika. Kwenye solo, 808 ikiwa peke yake, bado unasikika kwa mbali. Ndani ya wimbo kiki inaufunika, na mimi siuzi solo.

Kuachia sasa ni 80. Kubana ni desibeli 6 kila kiki. Ni nzuri kuliko jana. Bado si nzuri.

Siku ya 4

Leo sikugusa kompresa hata mara moja, na ndiyo siku niliyopiga hatua kubwa kuliko zote.

Nimefungua faili ya kiki na kuitazama kwa macho. Ina urefu wa milisekunde 400. Pigo zima ni 428! Kiki inayojaza karibu pigo zima si kiki tena, ni besi. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sote tunalijua lakini tunalisahau tukikaa kwenye kiti: 808 yenyewe ni kiki. Roland TR-808 ilitoka mwaka 1980, ikaacha kutengenezwa 1983, na ile ngoma yake nene ilikuwa na kitufe cha kurefusha mkia. Watu wakaurefusha, wakautuni kwa noti, ukawa besi. Kwa hiyo biti ya trapu yenye kiki na 808 ni biti yenye kiki mbili zilizorundikwa, na mimi nilikuwa naiomba kompresa isuluhishe ugomvi nisiotaka kuutazama.

Nimeikata kiki ikabaki milisekunde 130, na mwisho wake nikaufifisha taratibu. Ile sehemu iliyobaki ni kifua na "tk" yake. Unene ni kazi ya 808. Nikazima saidicheini kwa makusudi na kusikiliza: nusu ya tatizo imeondoka yenyewe.

Kisha sampuli ya 808. Nayo ina "dum" yake mwanzoni, na kwenye noti zinazogongana na kiki unasikia madum mawili yaliyopishana kidogo, kama watu wawili wanaobisha hodi mlango mmoja. Kwenye noti hizo nimeingiza 808 taratibu kwa milisekunde 8. Kwenye noti ambazo 808 iko peke yake nimeiacha na ngumi yake, inahitajika.

Halafu yale mawimbi yanayokulana kwenye baa ya 3. Nimegeuza polariti ya 808 nzima, yaani juu ya wimbi ikawa chini: baa ya 3 ikapona, baa ya kwanza ikaugua. Nilipaswa kujua. F ya chini ni 43.65 Hz, wimbi lake moja ni takriban milisekunde 23. Noti nyingine ina urefu mwingine, kwa hiyo kinachoifaa moja hakiifai nyingine. Nimerudisha polariti kama ilivyokuwa na kuzisogeza noti tatu tu, kila moja milisekunde chache, huku nikisikiliza kwa mono (chaneli moja) hadi kiki iseme. Hakuna sikio linaloweza kujua 808 imechelewa milisekunde 5 nyuma ya kiki. Linajua tu kwamba kiki imerudi.

Limebaki suala la mpangilio. Kwenye baa ya 8 kuna kiki nne ndani ya pigo moja na nusu. Nikamwandikia prodyuza: "Kaka, ile kiki ya nne baa ya 8 naweza kuitoa?" Akajibu: "Itoe tu kaka, hata sikumbuki kwa nini niliiweka." Kiki moja kufutwa imenifaa kuliko kuzungusha vitufe kwa saa moja.

Nimeirudisha saidicheini jioni. Inabana desibeli 3 tu.

Siku ya 5

Masikio yamechoka. Nimepanga majina ya treki na rangi, basi.

Siku ya 6

Slaidi. Mwisho wa kila baa ya 8, 808 inateleza kutoka F ya chini hadi F ya juu yake, yaani kutoka 43.65 Hz hadi 87.3, na ndicho kitu kitamu kuliko vyote kwenye biti hii. Katikati ya mtelezo huo inaingia kiki. Saidicheini haina adabu, haijui kuna mtu anateleza. Inaukata mtelezo vipande viwili, unasikika kama noti mbili zisizohusiana.

Niliwaza kuandika otomesheni (mabadiliko yanayojiendesha) ya kizingiti kwenye kila slaidi. Inawezekana, lakini msanii akiomba kubadilisha mpangilio kesho nitalia. Nimetengeneza kichochezi bubu: nakala ya treki ya kiki isiyokwenda masta, haisikiki popote, kazi yake ni kuichokoza kompresa tu. Humo nimeweka sampuli fupi ya mlio mkavu badala ya kiki, zote kwa nguvu moja, halafu nikafuta zile zinazoangukia kwenye slaidi. Sasa kiki halisi inapiga kama ilivyopangwa, na kompresa inapokea maagizo kutoka kwa mtu mwingine.

Faida ambayo sikuifikiria: kiki halisi zina nguvu tofauti, zingine zimepigwa taratibu makusudi, na zamani 808 ilikuwa inainama kidogo kwa hizo na sana kwa nyingine. Kwa kichochezi inainama sawasawa kila mara. Pia naweza kukisogeza mbele au nyuma bila kugusa muziki.

Kwenye slaidi zenyewe, kiki na 808 zinagongana bila kizuizi. Mita inapanda desibeli 2 hapo. Nimeliacha. Ule ndio wakati wimbo unatakiwa kupanda.

Siku ya 7

Nimesikiliza kwenye simu. 808 haipo kabisa, na hiyo si ajabu: spika ya ukubwa wa kucha haitoi 43 Hz hata ukiibembeleza. Wasikilizaji wengi watausikia wimbo huu hivyo, kwa hiyo besi lazima iwe na kitu juu. Nimeichafua 808 kidogo kwa sachuresheni (uchafu wa makusudi) ikaota hamoniki (milio ya juu ya noti ileile) kwenye 87, 131, 175 Hz na kuendelea. Kwenye simu ikajitokeza, sikio likajaza lenyewe noti isiyokuwepo.

Lakini simu sasa imefichua jambo jingine. Kuinama ambako kwenye hedifoni hakusikiki, kwenye simu kunasikika kama mtu anayefunga na kufungua mdomo. Sababu ni kwamba saidicheini inashusha 808 yote, pamoja na hamoniki za juu ambazo hazigombani na kiki hata kidogo. Ugomvi uko chini ya 120 Hz peke yake.

Jaribio la kwanza: kompresa kabla ya sachuresheni. Mbaya zaidi. 808 ikishuka inachafuka kidogo, ikipanda inachafuka sana, kwa hiyo hata rangi ya sauti inabadilika kila kiki. Jaribio la pili: kompresa baada ya sachuresheni. Rangi imetulia, mdomo bado unafunga na kufungua. Jaribio la tatu nimegawa 808 treki mbili kwa kichujio kimoja cha 120 Hz, mteremko wa 24 dB kwa oktavu, wa aina ambayo nusu mbili zikiunganishwa zinarudi bila kilima wala bonde. Ya chini inapata saidicheini ya desibeli 5. Ya juu haiguswi.

Kwenye hedifoni kiki ina nafasi. Kwenye simu 808 inalia bila kukatika. Kugawanya huko kunasogeza fezi ya besi (mahali wimbi linapoanzia), kwa hiyo zile noti tatu za siku ya 4 nimelazimika kuzisogeza upya. Nimelalamika peke yangu, kisha nikazisogeza.

Siku ya 8

Sauti ya msanii leo, na nitakuwa mfupi kwa sababu hapa mambo yamekwenda. Kengele ya sinthi inaingilia maneno pale karibu na 2,500 Hz. Ikwalaiza dainamiki imewekwa kwenye kengele, inasikiliza sauti ya msanii, inashusha masafa hayo desibeli 2 anapoimba na kuyarudisha akinyamaza. Hakuna atakayejua ipo. Ukiizima tu ndipo utauliza nani ameongeza kengele.

Mwangwi wa kiitikio, wa pigo moja, nao umebanwa na sauti yenyewe: anapoimba mwangwi unashuka desibeli 8, akimaliza mstari unachomoza. Kuachia ni 300 hapa, na urefu huu unapendeza, kwa sababu ni kitu kinachotakiwa kusikika kikija.

Nilijaribu pia kuinamisha haihati chini ya snea. Nimeona kila mtu anafanya. Haihati zikapoteza mwendo wake, nimeitoa.

Siku ya 9

Nimetuma miksi ya 9. Jibu la msanii: "Kaka, mbona ile ya kwanza ilikuwa na nguvu zaidi?"

Swali la haki. Ile ya kwanza niliyomtumia siku ya 2 ilikuwa na sauti kubwa zaidi kwa desibeli 1.5, kwa sababu limita ilikuwa imesukumwa. Masikio yetu yote hupenda kilicho juu. Nimeishusha ile ya zamani hadi zilingane, nikamtumia zote mbili tena bila kumwambia ipi ni ipi. Akachagua mpya. Ila akaongeza: "Lakini kile kitu cha kuvuta kwenye kiitikio nilikipenda."

Kile kitu cha kuvuta ni ule ule uhemaji niliohangaika nao wiki nzima. Nimecheka. Nimesikiliza tena, na ana hoja: kwenye kiitikio cha mwisho kengele na padi zinakuwa nyingi, ukuta mzima wa sauti, na hapo kuhema kunaupa ukuta mwendo. Sikukirudisha kwenye 808. Nimeweka kompresa kwenye kundi la padi na kengele, kichochezi kilekile bubu, kubana desibeli 6, kuachia 160, kwa kiitikio cha tatu peke yake. Besi imesimama imara chini, juu kunavuta. Amejibu kwa emoji tatu za moto.

Siku ya 11

Faili za mwisho: masta kwenye 48 kHz, biti 24, kilele −1 dB. Limita inabana desibeli 2 kwenye kiki nzito, sifuri sehemu nyingi. Kisha biti tupu bila sauti ya msanii, kisha stemu (kila sehemu ya wimbo kwenye faili yake).

Stemu zimenipa somo la bure. Nilikuwa naweka treki solo moja moja na kuitoa. 808 ikatoka imenyooka, haiinami popote! Bila shaka: nikiweka 808 solo, kichochezi kinanyamazishwa pamoja na wengine wote, kompresa haina wa kumsikiliza. Mtu angezipokea stemu hizo, angezipanga pamoja, na kupata ile vurugu ya siku ya kwanza, halafu angesema mimi sijui kazi. Nimezitoa upya kwa kukiacha kichochezi hai kila mara. Hakiendi masta, kwa hiyo hakiingii kwenye faili yoyote. Padi na kengele nazo vilevile. Kengele imenirudisha mara mbili, kwa sababu inahitaji kumsikia na msanii pia, na sauti yake nilikuwa nimeikata njia ya kwenda masta nikasahau mwangwi wake unaendelea kupita.

Kuhakikisha, nimefungua kikao kipya, nikapanga stemu zote, nikaweka juu yake miksi nzima iliyotolewa bila limita, polariti imegeuzwa. Kama zinalingana zitafutana. Nimebonyeza, nikapandisha sauti hadi juu. Kimya, isipokuwa mkia wa riverbu ya snea, ambayo ina mtikisiko wake wa kubahatisha na haijirudii sawa mara mbili.